Fundi Aliyenifundisha Vipande

Mji mzima wa Mutsamudu, hapa kisiwani Nzwani, unanijua kwa kicheko. Wanasema nikicheka bandarini magunia ya mchele yanajipanga yenyewe. Kwa hiyo hakuna anayeniamini nikisema kwamba kuna kijana mmoja, ambaye siku hizi ni mzee mwenye kitambi, niliyemkasirikia tangu enzi ya serikali ya vijana, na hasira hiyo haijapungua hata kijiko kimoja.

Siku hizo nilikuwa kuli. Asubuhi na mchana nilibeba mizigo, jioni nilikwenda shule ya watu wazima, nikapata cheti, nikawa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kuandika barua ya Kifaransa ambayo karani aliisoma bila kucheka. Nilizaliwa Unguja kwa wazazi wa Nzwani, tukarudi kwetu nikiwa kijana. Lugha ya kisiwa niliijua ya kununulia samaki. Ya kugombania na ya kuotea ndoto ilikuwa Kiswahili, na mtu pekee bandarini niliyeweza kugombana naye vizuri alikuwa fundi.

Fundi ndivyo tunavyomwita mwalimu wa Kurani. Huyu alikuwa na chuo cha watoto arubaini nyuma ya soko, na adhuhuri hadi alasiri alikuwa karani wa kuhesabu magunia bandarini, kwa sababu watoto arubaini hawamlishi mtu. Kabla ndevu zake hazijawa nyeupe alikuwa baharia, na kila meli ilipotia nanga Mombasa au Unguja yeye alishuka kushindana mbio na vijana wa huko. Kwa maneno yake mwenyewe, alishinda birika tatu na mwavuli mmoja. Mwavuli niliuona.

Uhuru ulikuja, na majuma machache tu baadaye serikali ikapinduliwa, akaja rais aliyesema nchi itaendeshwa na vijana. Akatimiza. Wanafunzi wa sekondari wakaundiwa kamati, wakapewa ofisi, mihuri na bunduki. Nisidanganye: mimi nilipiga makofi hadi viganja vikawa kama mikate. Walisema kila mtu atajua kusoma. Walisema harusi za kufilisi koo basi. Walisema waganga wanaokula mali ya wajane watakoma. Sasa hapo utapinga nini?

Ndipo likaja tangazo: sikukuu ya uhuru kutakuwa na mbio za barabarani Moroni, mji mkuu, kilomita kumi na sita, kila kamati ilete mkimbiaji mmoja. Watatu wa kwanza watazungumza redioni.

"Kilomita kumi na sita," fundi alisema, akafumba jicho moja. "Hizo ni maili kumi. Wafaransa wamezikatakata ili zionekane nyingi."

"Maili kumi nakimbia sasa hivi, fundi. Nikiwa na gunia."

"Unaweza kuzimaliza. Kuzikimbia ni jambo jingine. Njoo kesho ukishaswali alfajiri, na uache mdomo nyumbani, ni mzito."

Nilipofika kesho yake nilimkuta kwenye barabara ya pwani itokayo bandarini, ana ndoo ya chokaa. Alikuwa amepima kwa hatua zake, na kila robo maili ameweka jiwe na kulipaka. Mawe saba, basi vipande sita vya kwenda na sita vya kurudi. Kazi yangu ilikuwa kukimbia kipande kimoja kwa kasi ya mtu aliyeibiwa, kisha kutembea polepole kulizunguka jiwe mpaka pumzi irudi, kisha kipande kingine. Saa ya mkononi hakuwa nayo. Ilizama Tanga, alisema, nusura na yeye. Kwa hiyo mapumziko aliyapima kwa tasbihi. Alinifuata kwa baiskeli, akasimama kwenye jiwe, akavuta punje moja moja akinong'ona *Subhanallah*, na punje ya mwisho ikipita kidole chake, mimi niwe nimekwisha kuondoka.

Juma la kwanza alinipa punje tisini na tisa. Nilitapika kwenye jiwe la nne, la tano na la sita, na nadhani hata baiskeli ilitapika. Mwezi wa pili akanishusha hadi sitini na sita. Mwezi wa tatu, thelathini na tatu.

"Mapafu ni kama mwanafunzi," alisema. "Ukimwacha apumzike sana anasahau, usipompumzisha anakuchukia. Na kipande cha kwanza, mwanangu, kikimbie kama unaona haya. Anayeanza kwa kishindo anamaliza kwa kukokotwa."

Nilitaka kuchapa mbio tangu jiwe la kwanza, yeye akanizuia, na polepole nikaona ajabu. Kipande cha kumi na mbili kikawa sawa na cha kwanza. Nilikuwa naruka. Wavuvi wa pale wataapa kwamba kivuli changu kilifika baada yangu.

Sasa waza wewe ni kijana wa kamati wa miaka kumi na saba, umeagizwa kusaka wachawi, na hukumbuki kumwona mtu yeyote akikimbia bila kufukuzwa. Unaletewa habari kwamba kila alfajiri mzee mmoja anasimama barabarani penye mawe saba meupe, anavuta tasbihi, midomo inacheza, na mbele yake mwanamume mzima anazunguka jiwe kisha anatimka kama aliyepandwa na jini. Pembeni kuna chupa. Ndani ya chupa kulikuwa na maji ya ndimu na chumvi, lakini nani aionje?

Tuliitwa ofisini. Mwenyekiti wa kamati alikuwa kijana mwembamba mwenye kofia ya kijeshi iliyomlalia masikioni. Huyu fundi ndiye aliyemfundisha alifu na be; fimbo ya kuonyeshea herufi alikuwa akiibeba yeye.

"Mawe saba ya nini?" aliuliza, hakumwita fundi.

"Ya robo maili, mwanangu."

"Usiniite mwanangu. Na tasbihi?"

"Saa."

"Saa ina mshale. Hii mshale wake uko wapi?"

"Huu hapa," fundi akainua kidole.

Wenzake wawili wakacheka, mwenyekiti akawatazama, wakaacha. Hapo nilipaswa kukaa kimya. Lakini mimi ndiye mwenye cheti, mimi ndiye bingwa wa maneno, nikasimama nikaeleza mapafu, damu, moyo, kila nilichosoma katika kitabu cha sayansi cha shule ya jioni na vingine ambavyo bado havijaandikwa. Walinitazama kama mbuzi anayesoma hutuba. Basi nikasema, "Haya, kesho njooni mkimbie wenyewe. Mkikimbia kumi na mbili, mtajua kama ni uchawi au ni jasho."

Wakaja watano. Makuli walikuwa wanangoja mashua za kupakua meli, na nikakosa busara ya kuwafukuza. Kusema kweli niliwaalika. Fundi aliwaambia vijana wale waende taratibu kipande cha kwanza. Hawakumsikiliza. Waliondoka kama risasi. Jiwe la tatu mmoja akalala chini. La nne wawili wakashikana kama walevi. Mwenyekiti alifika la tano, kwa kiburi tu, akavua kofia, akaijaza kwa alichokula usiku.

Makuli walicheka mpaka kazi ikachelewa. Na mimi nilicheka kuliko wote. Nimekwisha kusema kicheko changu kinafanya nini bandarini.

Mwenyekiti alijifuta mdomo, akanitazama mimi, kisha akamnyooshea kidole fundi. "Mmeona wote," alisema. "Alihesabu, na sisi tukaanguka."

Siku ile ile kabla ya adhuhuri walimnyoa fundi kichwa na ndevu, wakampaka jivu, wakamtwika jiwe moja la chokaa, wakamtembeza kutoka bandarini hadi uwanja wa soko. Nilijaribu kupita, nikasukumwa kwa kitako cha bunduki, na nilikaa chini. Sina cha kutia chumvi hapo. Nilikaa chini na nikaangalia. Alikuwa na umri wa baba yangu na alitembea wima, akiangalia mbele, na watu waliomwalika kwenye kila hitima na kila harusi waliingia vichochoroni ili wasikutane na macho yake.

Watoto arubaini wakawa kumi na mmoja. Kisha wanne. Mama mmoja aliniambia, "Mimi najua si mchawi. Lakini jirani hajui kwamba mimi najua." Bandarini wakampa kazi yake mtu mwingine.

Nilikwenda ofisini nikiwa nimekwisha kuandika kichwani barua ya matusi ya kurasa tisa. Mwenyekiti alinikaribisha vizuri. Karatasi yangu ya kusafiria kwenda Moroni ilikuwa mezani, imepigwa muhuri.

"Wewe huna kosa," alisema. "Ulidanganywa. Nenda ukakimbie. Ukiingia katika watatu, redioni utasema kamati yako ndiyo iliyokufundisha."

Niliichukua. Nilisema ndiyo. Wakati huo huo nilijua nitakachofanya: nitaingia katika watatu, nitashika kile kipaza sauti, nitasema mbele ya visiwa vyote ni nani aliyenifundisha na kwa njia gani, punje kwa punje, na kila nyumba ya Mutsamudu yenye redio itasikia. Hakuna njia nyingine iliyobaki ya kulisafisha jina lake. Mlango mmoja tu, na upana wake ulikuwa watu watatu.

Fundi sikumwambia. Nilimwambia naenda, akaniuliza viatu vinabana wapi.

Moroni tulipangwa mbele ya bandari ya zamani, wakimbiaji sitini hivi. Ukutani pale kulikuwa na vijana wa kamati za huko, kofia zile zile, bunduki zile zile, wanacheka. Mmoja alikuwa anamsukumasukuma mzee aliyetaka kuvuka kwenda msikitini. Damu ilinipanda. Firimbi ilipolia, niliondoka kama nimetupwa.

Kipande cha kwanza nilikikimbia kana kwamba kila jiwe la barabara lilikuwa uso wa mwenyekiti. Maili ya kwanza niliongoza. Ya pili niliongoza kwa umbali ambao, nikisimulia bandarini, huwa ni nusu ya kisiwa. Nilisikia watu wakiuliza huyu ni nani. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima. Maili ya sita nikaipunguza hotuba. Ya saba mapaja yakawa magogo. Nilijaribu kupumzika kwa thelathini na tatu kama nilivyofundishwa, kwa kupunguza kasi na kuhesabu kimoyomoyo, lakini hesabu ilikuja na jivu, na ndevu chini, na miguu ikaongeza yenyewe. Ya nane alinipita mtu wa kisiwa cha Mwali, anahema kama aliyelala usingizi. Ya tisa akanipita mwingine. Tulipoingia vichochoro vya Badjanani, mtaa wa kale wenye njia za upana wa mtu na nusu, nilikuwa wa tatu, na msikiti wa Ijumaa, pa kumalizia, naona kuta zake. Nyuma yangu nikasikia nyayo. Kijana mmoja asiye na viatu alinipita kona ya mwisho, ubavu kwa ubavu na ukuta, akaniomba radhi.

Hatua nne. Nimezipima tangu hapo mara elfu mbili, na hapo sitii chumvi: ni hatua nne.

Wa tatu akapewa kipaza sauti, akaishukuru kamati yake. Mimi nikapewa chungwa.

Niliporudi nilimkuta fundi chuoni na watoto wake wanne. Nywele zilikuwa zimeanza kuota.

"Wa ngapi?"

"Wa nne, fundi."

"Kati ya wangapi?"

"Mia tatu."

Akanitazama.

"Sitini."

"Na kipande cha kwanza?"

Nikainama kufungua viatu. Akatikisa kichwa. Ikabidi nimweleze yote, redio, ahadi ya uongo, hotuba. Alisikiliza mpaka mwisho, akawaambia watoto waendelee kusoma.

"Nani alikutuma ukasirike kwa niaba yangu?" aliuliza. "Ungekimbia kwa ajili ya miguu yako, ungeingia wa pili, na leo ningekuwa na watoto ishirini. Hasira uliyoipeleka Moroni ilikuwa yako. Umeniandikia mimi mzigo wake."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kitako cha bunduki, kwa sababu alisema kweli, na kwa sababu hata hivyo sikukubali.

Serikali ya vijana ilianguka mwaka uliofuata. Askari wa kukodiwa walitoka baharini, rais akauawa, na kofia zikatupwa vyooni. Ijumaa moja baada ya swala mwenyekiti wetu alikuja kwa fundi, na mama yake mbele, na mjomba wake, kama inavyotakiwa. Akapiga magoti. Mjomba akasema maneno matatu ya kawaida, fundi akasoma Fatiha, akampa mkono, akamwuliza kama bado anakumbuka sura aliyoachia. Yote hayo, dakika tano. Wazee wakasema maa shaa Allah, chai ikaletwa. Watoto wakarudi chuoni mwezi ule ule, arubaini na zaidi, mama zao wakisukumana mlangoni kana kwamba walikuwa safarini.

Nilisimama ukumbini na kikombe mkononi nikangoja aje na kwangu. Alikuja. Alinyoosha mkono akasema, "Na wewe kaka, yameisha."

Nilimwambia yaliyo ya fundi yameisha. Mimi aliniibia hatua nne, na hizo hakuna mjomba wa kuja kuziombea. Fundi aliniita jina kwa ukali, kama mtoto wa chuoni, na mimi nikaweka kikombe nikatoka.

Siku hizi tunaswali msikiti mmoja. Akinisalimia namwitikia, maana kuitikia salamu ni wajibu na sitaki kuingia motoni kwa sababu yake. Salamu ya kwanza simpi.