Shuka Kwanza, Shoferi

Baiskeli haikuwa yangu. Ilikuwa mali ya biro niliyofanyia kazi, ofisi ndogo ya kutoa mizigo karibu na bandari ya Bujumbura. Aliyeiendesha alikuwa mzee mmoja mpole, aliyepeleka karatasi zetu forodhani, na kutoka forodhani mpaka kwenye mabenki ya Rohero, katikati ya mji. Jumamosi moja akaenda kwao milimani kuwaangalia watu wake. Hakurudi. Tulimngoja wiki, tukamngoja wiki ya pili. Miaka ile ya vita watu hawakuuliza sana. Uliona kiti hakina mtu, ukaelewa.

Baiskeli ikabaki imeegemea ukuta. Gari la biro lilikuwa limelala kwa kukosa mafuta, maana nchi za jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, na petroli ilionekana kwenye chupa tu, pembeni ya barabara. Patroni, mwenye biro, akawa anatuma watu kwa miguu. Karatasi iliyotoka asubuhi ilirudi na muhuri wake saa tisa alasiri, wenye mizigo wamekwisha kukasirika na kuondoka.

"Mi nitapeleka," nikasema.

Patroni alinitazama toka kichwani mpaka kwenye viatu. Nilikuwa mpiga chapa wake, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mjane, Mwislamu wa mtaa wa Jabe mwenye mtandio kichwani.

"We? Na kinga?" Kinga ndiyo baiskeli kwa maneno ya mitaani kwetu.

"Na kinga."

Kuendesha nilijifunza utotoni, kwa baiskeli ya kaka yangu, kila alipolala mchana. Kaka huyohuyo ndiye aliyenisubiri mlangoni siku ya kwanza nilipopita mbele ya soko la Jabe, suruali ndani ya gauni, mtandio nimeufunga kwa nyuma usishikwe na upepo.

"Unajua watu wanasema nini?" akauliza.

"Sijui, kaka. Wanaanza kusema nikiwa nimeshapita."

Mama yetu, aliyekuwa anachambua maharage, alicheka mpaka akajishika ubavu. Kaka akaingia ndani. Hatukuzungumza siku tatu, na siku ya nne akaniletea pampu.

Miaka ile ya ukosefu wa mafuta barabara ilikuwa yetu. Nasema yetu sisi wa baiskeli: wauza makaa wenye magunia marefu kuliko wao wenyewe, wabeba ndizi, waliobeba abiria kwenye keria, na mimi na faili langu la plastiki. Kulikuwa na milio ya risasi upande wa milimani, kulikuwa na vizuizi vya wanajeshi, kulikuwa na asubuhi ambazo tuliambiwa tusitoke. Lakini siku ambazo tulitoka, tulikwenda katikati ya lami, wawili wawili, tukiongea.

Halafu vikwazo vikaondolewa, na malori yakarudi. Hayakurudi moja moja. Yalirudi kwa foleni, yakipakia saruji na unga na chumvi kutoka bandarini, na madereva wake walikuwa watu walioendesha kwa hofu. Huko juu kwenye barabara ya milimani walikuwa wakiviziwa, kwa hiyo walijifunza kutopunguza mwendo kwa kitu chochote, na mwendo ule waliingia nao mjini. Walipiga honi nyuma yetu kama wanafukuza mbuzi. Mtu mmoja wa mtaa wetu, aliyepeleka mikate Rohero kila asubuhi, aligongwa na pembe ya bodi ya lori, akavunjika mguu juu ya goti. Nilikwenda kumwona. Alikuwa amelala kwenye mkeka, mguu umenyooshwa juu ya mto.

"Dada, rudi biro ukae," akaniambia. "Barabara ni yao sasa."

Nilimjibu vibaya, na yeye mgonjwa. Nilimwambia hakuna aliyewapa. Nikatoka pale nimekasirika kwa sababu nilijua wengi walikuwa wamekwisha kuamini maneno yake. Walikuwa wanasukuma baiskeli kwa miguu juu ya mchanga, pembeni kabisa, na malori yakizidi kujitanua.

Mimi sikushuka. Mara mbili nilisukumwa mtaroni, na mara zote mbili nilipanda tena palepale.

Mara ya tatu ilikuwa kwenye lango la bandari. Nilikuwa naelekea langoni upande wangu wa kulia, lori liko ubavuni mwangu, tunakwenda mwendo mmoja. Ghafla likakata kulia kuingia langoni, na ubavu wote wa chuma ukanijia. Niliruka. Baiskeli ikaenda upande wake, mimi nikaangukia mtaroni kwa viganja, na faili likafunguka ndani ya maji meusi. Karatasi za wiki nzima zilielea zikigeuka rangi.

Lori lilikuwa limesimama kwenye kizuizi likingoja kukaguliwa. Nikainuka na matope mpaka kifuani. Nikaivuta baiskeli, mikono yake imepinda, nikaipita injini ile inayotetemeka, nikailaza baiskeli mbele ya tairi. Halafu nikasimama karibu nayo.

Mwanajeshi wa lango akaja mbio. "Mama, ondoa hiyo kinga!"

"Nitaiondoa, shefu. Huyu ashuke kwanza."

"Nimesema ondoa!"

"Na mi nimesema ashuke."

Sitasema sikuogopa. Kijana yule alikuwa na bunduki, na miaka ile bunduki hazikuhitaji sababu kubwa. Lakini malori matano yalikuwa yamekwama nyuma, yote yanapiga honi, na wabebaji wa mizigo walikuwa wameacha magunia yao wamekuja kutazama, na nilijua kwamba nikiondoka pale nimeinamisha kichwa, kesho na mimi nitakuwa nasukuma baiskeli kwenye mchanga. Mwanajeshi akatazama watu, akanitazama na matope yangu, akapiga mlango wa lori kwa kiganja.

"Shoferi, shuka umalize maneno yako."

Akashuka mwanamume mnene, Mkongo wa upande wa Uvira, taulo shingoni. Nilitegemea aje na matusi. Alipoona viganja vyangu vinatoka damu, akavua taulo akanipa.

"Mama, sikukuona. Haki ya Mungu, sikukuona."

"Hukuniona? Na hii gauni ya njano?"

"Sikukuona."

"We mwongo."

"Basi panda we mwenyewe uangalie."

Wabebaji wakapiga kelele kwa furaha. Nikapanda. Ngazi ilikuwa ya juu, gauni lilinasa kwenye chuma, nikalivuta likachanika, nikaendelea. Usukani wa lori lile ulikuwa kushoto, kama malori yote ya kwetu. Nikakaa. Chini, dereva akaokota baiskeli yangu akazunguka nayo upande wa kulia, akasimama nayo pale nilipokuwa kabla ya kuruka.

Nikatazama kioo cha kulia. Niliona bodi ya lori na ukanda mwembamba wa lami nyuma kabisa. Nikatazama dirisha la kulia. Niliona ukuta wa bandari na mbingu. Nikainuka kwenye kiti, nikanyoosha shingo. Hakuna mtu.

"Uko wapi?" nikapaza sauti.

"Niko hapa!" Akagonga mlango wa kulia kwa ngumi, na mlio ukatoka chini ya dirisha lile, karibu sana, kama wa mtu aliyefungiwa ndani ya sanduku.

Mwaka mzima nilikuwa nimeamini wananiona na wananidharau. Wengine walinidharau, hilo silifuti. Lakini mara ngapi nilikuwa nimeendesha pale pale, nikijisikia salama kwa sababu mimi nililiona lori vizuri kabisa?

Hasira haikuniisha. Nilishuka nayo.

"Sawa, hukuniona," nikamwambia. "Lakini unajua kama upande huu hauoni?"

"Najua. Kila shoferi anajua."

"Unajua, na bado unakata kona kama hakuna mutu?"

Akageuka kutazama kioo chake cha kulia.

"Mi nimepanda kwako," nikasema. "Sasa na we panda kwangu. Mpaka kona ya forodha, halafu urudi."

Alicheka, akiwatazama wabebaji wamsaidie. Hawakumsaidia. "Panda, papa!" wakamwambia. "Mama amepanda!" Mwanajeshi akawa anaficha tabasamu kwa mkono. Basi yule bwana akabana gurudumu la mbele katikati ya magoti yake, akanyoosha mikono ya baiskeli, akapanda. Akaondoka anayumba, magoti nje, keria ikilia chini yake.

Tulimwona akifika kwenye kona. Tuliona pia lori la mafuta likija nyuma yake, halikupunguza mwendo. Likampita. Vumbi likafunika kila kitu.

Alirudi kwa miguu, anaisukuma baiskeli, shati limelowa mgongoni.

"Amepita hapa," akasema, akionyesha upana wa kiganja kutoka kwenye kiwiko chake. "Upepo wake umenivuta. Umenivuta kabisa, mama."

"Unamjua huyo shoferi?"

"Namjua. Asubuhi tumekula pamoja." Akafuta uso kwa shati. "Jumapili leta wenzako. Kwenye uwanja tunapoegesha."

Jumapili nilikwenda na watu tisa, na mbeba mikate akaletwa na nduguye kwa mkokoteni, mguu mbele. Dereva alikuwa ameegesha lori lake peke yake katikati ya uwanja. Akakaa kwenye usukani, na mimi nikatembea kulizunguka polepole na baiskeli. Kila aliponipoteza alipiga honi, na mbeba makaa mmoja akamwaga chokaa pale niliposimama. Tulipomaliza, chokaa ilichora mbele ya pua ya lori, upande wa nyuma, na upande wa kulia eneo kubwa lililotutisha sote. Tungeweza kuweka humo kitanda na meza, na dereva asijue.

Watu wakapanda mmoja mmoja wakatazama. Nikawaambia nilichokuwa nimekiamua: lori likiwa mbele yako na linakaribia kona, usijipenyeze kulia kwake hata kama kuna nafasi, kaa nyuma. Mkisimama pamoja, wewe na lori, nenda mbele kabisa mpaka uone macho ya dereva, na kama huyaoni, basi naye hakuoni. Na usiendeshe ukingoni kabisa, kwa sababu ukibanwa huna pa kwenda. Chukua sehemu yako ya lami.

"Tukichukua, watatugonga," mmoja akasema.

"Ukikaa ukingoni je, hawakugongi?" mbeba mikate akamjibu toka kwenye mkokoteni.

Madereva sita walikuwa wamekuja kutazama. Wawili walikubali kupanda baiskeli. Wengine walicheka, na mmoja akasema yeye hafundishwi barabara na mwanamke. Nikamwuliza ni nani aliyemfundisha, maana amefundishwa vibaya. Wenzake wakamzomea, naye akaondoka.

Kabla ya adhuhuri akaja ofisa mmoja na askari wawili. Mikusanyiko ilikuwa haramu bila ruhusa.

"Nani ameruhusu mkutano huu?"

"Si mkutano," nikasema. "Tunajifunza kupita."

"Tawanyikeni."

Tukatawanyika. Jumapili iliyofuata tulirudi watu wawili wawili, kila baada ya muda kidogo, kama watu wanaopita tu kusalimia. Ofisa alikuja tena, akakuta watu wawili na lori moja. Hakuwa na la kutawanya. Tulifanya hivyo mpaka mvua zikaanza.

Sitadanganya kwamba barabara iligeuka kuwa njema. Tulizika mbeba ndizi mmoja mwaka uleule, na aliyemgonga hakusimama. Lakini kwenye barabara ya bandarini mambo yalibadilika, na niliyaona kwa macho. Wasaidizi wa madereva walianza kukaa dirisha la kulia, kichwa nje, wakipiga bodi kwa kiganja kila walipokaribia baiskeli kwenye kona. Waliokuwa kwenye mchanga walirudi kwenye lami. Asubuhi moja nilikuwa mbele ya lori nisilolijua, mahali penye mashimo pande zote mbili, na sikusogea kwa sababu hapakuwa na pa kusogea. Magari nyuma yakaanza kupiga honi. Nikasikia dereva akitoa kichwa, akiwafokea wa nyuma yake: "Ngojeni! Hamuoni kuna mutu mbele?" Nikapita mashimo, nikasogea, akanipita mbali, mkono nje.

Mafuta yalipozidi kupatikana, patroni akanunua gari jingine na kuajiri dereva. Akaniita ofisini kwake, akafunga mlango, akaongea kwa upole.

"Umetusaidia sana. Sasa rudi kwenye mashine yako upumzike. Wateja wanauliza kwa nini biro yangu inatuma mwanamke na kinga kati ya malori."

"Uliwajibu nini?"

"Sikujibu."

"Waambie waniulize mimi. Nakutana nao kila siku barabarani."

Akashika kichwa. Akasema gari litafika haraka zaidi. Nikamwambia siku hiyohiyo atume gari na mimi niende na baiskeli, tuone. Hakutaka tuone. Alijua foleni ya langoni ilivyo, na alijua baiskeli hupita wapi.

Mezani kulikuwa na karatasi tatu za kwenda forodhani kabla ya saa sita. Nikazichukua, nikazitia kwenye faili, nikatoka.