Jina Ambalo Mzee Mfaume Hakulisikia

Nilifunga safari ya Songo Songo kwa kupenda sifa. Redio yetu ilitaka kipindi cha kukumbuka mechi ya kwanza ya Shabani Mfaume katika timu ya taifa, na mimi ndiye niliyeitangaza. Siku ile ndipo nilipompachika jina la Pweza, kwa miguu yake mirefu na kwa kuwa kwao ni kisiwani, Songo Songo. Nchi nzima ikalidaka. Sasa nilitaka mama yake alisifie mbele ya kinasa sauti changu.

Alfajiri niliondoka Mbagala kwa basi. Mchana nikashuka Nangurukuru, nikachukua bodaboda hadi Kilwa Kivinje. Kwenye boti nilimwambia kila abiria kwamba mimi ndiye niliyemwita Pweza. Walicheka, wakanipisha nikae vizuri. Wallahi, nilivimba kichwa.

Alasiri nilipiga hodi kwa Bi Zainabu, mama yake Shabani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Sauti hii naijua."

Nikafurahi. Alinitandikia mkeka, akaleta wali wa nazi na samaki. Nikawasha kinasa sauti, nikamwomba anisimulie siku ya mechi.

"Baba yake alikaa kando ya redio tangu mapema," alisema. "Alikuwa anasubiri jina lake."

"La Shabani?"

"La kwake mwenyewe. Shabani Mfaume; huyo Mfaume si ndiye yeye? Alisema leo atatajwa nchi nzima. Kipindi cha pili ukasema Pweza anaingia. Sisi Pweza hatumjui. Bao likaingia, ukapiga kelele mpaka redio ikakwaruza. Mzee akaniuliza, 'Mbona mwanetu hawamwingizi?' Akazima, akaenda zake msikitini."

"Hakujua kabisa?"

"Aliambiwa na watu kesho yake. Lakini alitaka kulisikia jina lake kwa masikio yake. Mwaka haukuisha, Mungu akamchukua."

Nilirudisha tonge kwenye sahani. Miaka yote hiyo nimelisimulia jina la Pweza harusini na vijiweni, nikipigiwa makofi. Niliona aibu hata kumtazama mama wa watu. Nikazima kinasa sauti, nikamwomba radhi, nikaahidi kulitaja jina kamili kwenye kipindi.

"Litaje sasa," akasema.

"Shabani Mfaume." Sauti yangu ilitoka kama ya mgonjwa.

"Ahsante. Ila wa kulisikia hayupo. Kula, mwanangu, wali unapoa."

Asubuhi nilirudi Kivinje, na njia nzima sikuzungumza na mtu. Nilikuwa nimejifunza kwamba mtoto anapotajwa, baba yake naye anatajwa, na kwamba mimi nilimfuta mzee yule kwa utani wa dakika moja, kisha nikatembea kifua mbele kwa utani huohuo. Aibu hiyo bado ninayo.

Pale pwani nilikodi bodaboda. Dereva alikuwa ameniona nikishuka botini.

"Kaka, umetoka kwa kina Pweza?"

"Nimetoka kwa Mzee Mfaume."

"Ndo nani huyo?"