Sahani ya Mkate wa Kumimina

Vijana wangu wa amani huchelewa, hula sana, na hubishana hata feni iwashwe au izimwe. Nawapenda mno, na kila tukikutana nawagombeza. Darasa letu liko Mji Mkongwe, juu ya duka la vitambaa. Nawafunza kupatanisha watu waliotenganishwa na siasa, maana uchaguzi kwetu Unguja ukipita huacha ndugu wasiozikana.

Mmoja wao, binti wa Kiembe Samaki, kesi yake ilikuwa nyumbani. Baba yake na ami yake, mdogo wa baba, wanaishi ukuta kwa ukuta, na tangu uchaguzi walikuwa hawaamkiani. Vyama tofauti, basi. Binti alikuwa aolewe baada ya Idi, na aliapa kwamba haolewi ami yake asipohudhuria.

Nikamfunza nilichonacho: msikilize mtu, kisha mrudishie maneno yake ajue umemsikia. Akaenda kukijaribu kwa baba.

"Sitaki kumuona yule," baba akasema.

"Kwa hiyo, baba, unasema hutaki kumuona."

"Nshasema! Umekuwa kasuku?"

Alipotuhadithia, darasa lilicheka mpaka mwenye duka akagonga dari kwa ufagio. Mimi nilinuna. Somo lile nalipenda.

Ramadhani ilipoingia hakuniuliza tena. Alipika mkate wa kumimina, ule wa mchele na nazi, akauweka kwenye sahani ya udongo yenye maua ya buluu aliyoiacha bibi yake, mama wa wale wawili, akampelekea ami. Nyumba zile zilikuwa zimeacha kupelekeana futari. Ami akaipokea.

Kwetu sahani ya futari hurudishwa na kitu juu yake. Hii haikurudi kabisa. Baba akaona pengo kabatini, akauliza sahani ya mama imekwenda wapi, na alipoambiwa akawaka, akafuturu peke yake chumbani. Nami nikaongeza langu: nilimfokea binti mbele ya wenziwe kwamba amekwenda kichwa kichwa. Alilia. Nilirudi nyumbani nikalia na mimi, maana niliona harusi ndiyo imeshaharibika.

Jioni ya mwisho ya mfungo ami akapiga hodi mwenyewe, mkononi sahani mpya imejaa kaimati. Baba ndiye aliyefungua mlango.

"Hii si yetu."

"Yenu imenivunjikia, kaka. Nimelizunguka soko la Darajani lote, maua yale sikuyapata. Nikaona haya kuja."

Baba aliipokea ile sahani.

"Toka mdogo wewe hushiki kitu kikakaa," akasema. Kisha akamwita kwa jina la utotoni, ambalo binti hakuwa amelisikia tangu bibi yake afariki. "Ingia, adhana hiyo karibu."

Binti alipokuja kutusimulia, nilimuuliza katumia mbinu gani kati ya zile nilizomfunza.

"Hata moja, mwalimu. Nisamehe."

Nilimkumbatia mpaka akalalamika nambana.

Siku ya nikaha ami alikaa ubavuni mwa baba. Waliokuwepo upande wa wanaume wananiambia wale wawili walinong'onezana juu ya sahani za mama yao: hii ya mwisho kaivunja ami, je, ile ya kwanza, utotoni, aliivunja nani, hadi sheikh akawaomba wanyamaze ili binti aozwe.