Kioo cha Upande wa Dereva

Uongo mimi siuwezi. Nikitumwa kusema uongo, uso wangu husema kweli kabla mdomo haujafunguka. Bosi wangu alilijua hilo, na bado akanipigia simu kutoka ofisini kwake Olaya, Riyadh, akanambia, "Mwambie mama gari ni bovu. Mwambie kioo cha upande wa dereva kimelegea, ni hatari. Asithubutu."

Mama yake ndiye niliyekuwa nikimtunza, katika nyumba yao ya Aziziya, Jeddah. Mimi nilimwita Bibi, naye akiniita binti, ingawa nina wajukuu Mombasa. Gari lilikuwa la marehemu mumewe: la kijani, la zamani, taa zake mviringo, viti vimepasuka kwa jua. Bosi alikuwa amempata mnunuzi, mtu wa kukusanya magari ya zamani, na Alhamisi lori lingekuja kulibeba. Bibi hakupinga. Alitaka jambo moja tu: alitoe yeye mwenyewe nje ya lango, kwa mikono yake.

Mjumbe hauawi. Nikaenda nikamwambia. Bibi akaweka chini kikombe cha gahawa.

"Kioo?"

"Kioo, Bibi. Kimelegea."

"Mwanangu hajapata kulifuta vumbi gari hili, leo amejua habari za kioo?"

Akanikodolea macho mpaka nikainamisha kichwa. Hapo ndipo aliponambia alilokuwa hajamwambia mtu. Ujanani mwao, wakisafiri kwenda Riyadh kwa ndugu za mumewe, wakishafika kule jangwani kusikopita mtu, mumewe alikuwa akisimamisha gari, anashuka, anazunguka, anakuja kukaa upande wake yeye. Bibi anashika usukani. Wakikaribia mji wanabadilishana tena. Nyumbani halikuzungumzwa kabisa. "Siku hizi wanawake wanaendesha," akasema, "lakini ruhusa ilipokuja yeye alikuwa kitandani, na mimi nilikuwa na kazi ya kumgeuza."

Mwenzangu, niliona uchungu. Mume ameshakwenda, sasa gari nalo liburutwe na mtu baki, yeye akichungulia dirishani kama mgeni? Hata! Kama taabu ni kioo, kioo kitakazwa. Nilijua vizuri kwamba bosi ndiye kafili wangu, mdhamini aliyenileta, na ikama yangu, kibali cha kuishi huku, iko mikononi mwake, na akikasirika nitarudishwa kwetu na sanduku langu. Niliogopa, sisemi sikuogopa. Lakini nilikuwa nishachukua bisibisi kwenye droo ya jikoni.

Baada ya alasiri Bibi akaketi kivulini na birika lake. Mimi nikaenda moja kwa moja mlango wa kulia, nikakishika kioo. Kilikuwa imara kama nguzo. Nikajisemea, huku vioo vinalegea namna gani? Nikakitikisa kwa nguvu, kikacheza kidogo, nikafurahi: ndicho hiki. Skrubu zilikuwa zimeshikana na kutu. Nikazitia mafuta ya kupikia, nikasukuma, nikatukana kwa Kiswahili, ukucha ukavunjika, jasho likanitoka hadi kwenye kope. Mwisho zikatoka zote mbili na kioo kikaniangukia mkononi.

"Binti," Bibi akaita kwa upole, "kwenu dereva hukaa upande gani?"

"Kulia, Bi..." Lo!

Nikatazama usukani. Uko kushoto, ulikuwa kushoto tangu siku gari lilipotengenezwa, na mimi miaka yote niliyokaa nchi hii napanda taksi kiti cha nyuma sina habari. Bibi alicheka mpaka gahawa ikamwagika. Alikuwa ananitazama tangu mwanzo, bikizee yule! "Nilidhani wataka kuvikaza vyote viwili," akasema, na akaanza kucheka upya. Nilikasirika, nikanuna, kisha nikacheka nami. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tulipomzika mzee.

Kioo cha kushoto kilikuwa kimelegea kweli. Bosi hakusema uongo hapo. Ukikigusa kinageuka kutazama mbingu. Mpira uliokuwa chini yake, kati ya chuma na mlango, ulikuwa umekauka ukawa unga. Duka la vipuri vya gari kama lile ningelijulia wapi? Nikavua ndara yangu moja, ile ya bafuni, nikakata kipande cha soli kwa kisu cha nyama, nikakitoboa matundu mawili. Kwetu ndara haitupwi, ina kazi nyingi baada ya miguu. Kipande kikakaa sawasawa. Bibi akaingia garini, mimi nikashika kioo kwa nje.

"Waona nini?"

"Nakuona wewe."

"Mimi si barabara, Bibi. Sasa je?"

"Ukuta. Teremsha. Hapo, hapo! Kaza."

Nikakaza. Kisha nikarudi kukifunga na kile nilichokiharibu mwenyewe, na ndara ya pili ikaenda.

Alhamisi asubuhi lori likaja. Dereva wake, mtu mzima mwenye ndevu za hina, akanyoosha mkono aombe ufunguo. "Mafi, hakuna ufunguo," Bibi akamwambia. "Shusha kitanda cha lori lako mpaka chini, kisha simama kando." Yule bwana akanitazama mimi. Nikamwambia, yalla, fanya ulivyoambiwa.

Gari lilizimika mara ya kwanza. Moyo wangu nao ukazimika. Mara ya pili likanguruma, likaanza kusogea polepole, na lango lile ni jembamba. Bibi alitazama kioo cha kushoto, akatazama mbele, akatazama kioo tena, wala hakugusa nguzo. Nilidhani atasimama pale nje, kama alivyoomba. Hakusimama. Alilipandisha juu ya lori, magurudumu yote, dereva wa lori akirudi nyuma huku amesahau kupunga mikono. Akavuta breki, akazima. Nikalia, sikuona haya.

Nikiwa namsaidia kushuka, simu ikalia. Bosi. "Wameshalipakia?"

"Halas, limepakiwa."

"Nani amelipandisha?"

Nilisema siuwezi uongo. "Mamako."

Nilingoja anifokee. Badala yake akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, "Tangu lini mama anajua kuendesha?"

"Hilo muulize mwenyewe," nikasema, nikamwekea Bibi simu sikioni.

Bibi alisikiliza. Mkono wake mmoja ulikuwa bado umeshika mlango wa gari.

"Tangu uko tumboni, mwanangu," akamwambia. "Usukani ulikuwa ukikugusa kichwa."