Mgeni wa Mama Anapenda Visheti

Binti anayenitangazia kitabu mtandaoni aliniambia niandike sababu tano za mtu kusoma riwaya yangu. "Fupi fupi, dada," akasema, "watu hawana muda." Mimi ni muuza kanga Kariakoo, kuandika nimeandikia chini ya kaunta, mteja akija nafunika daftari. Kwa hiyo nikakaa pale pale kwenye kaunta nikaandika. Moja, riwaya yenyewe si ndefu. Mbili, utakosa usingizi. Tatu, inamhusu mwanamke wa hapa hapa, mumewe anahamisha vitu ndani ya nyumba kidogo kidogo, kisha anamwapia kwamba hakuna kilichohama, mpaka mwanamke anaanza kuiogopa mikono yake mwenyewe. Nne, mwisho wake huutegemei. Zote ni za kuuzia tu. Ya tano ikagoma kutoka wiki nzima.

Ndipo akaja mteja mmoja, mama wa makamo, ambaye mwezi uliopita alichukua kanga na kitabu. Hata salamu hakumaliza.

"Yule mwanaume mshenzi kwenye kitabu umemtoa wapi? Ndiye mumeo?"

"Sina mume."

"Basi kuna mtu unamjua. Vile havitungwi kichwani."

Nikacheka, nikamfungia mzigo wake. Alipoondoka nikagundua nimemrudishia chenji mara mbili. Ni kweli, kuna mtu namjua. Sababu ya tano ni yeye, na binti wa mtandao anisamehe, haiwezi kuwa fupi.

Mama yangu alikuwa na nyumba ya Kiswahili hapa hapa Kariakoo, vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Zamani mtaa mzima ulikuwa hivyo. Ghorofa zikaja moja baada ya nyingine mpaka yetu ikabaki peke yake chini, imebanwa na kuta ndefu pande tatu. Saa nane mchana watu barabarani wanachuruzika jasho, uani kwetu kumeshaingia kivuli kama cha magharibi. Wapangaji walihama, vyumba vitano wakachukua wafanyabiashara kuwa stoo, wakavijaza mabelo ya nguo hadi darini. Nyumba yenye mabelo inameza sauti. Nje spika zinapiga kelele za bei, ukipita ukumbini hatua tatu tu husikii kitu, unasikia pumzi yako.

Mama alibaki chumba cha mbele, yeye na kitanda chake na sanduku la kanga. Mfanyabiashara mmoja akakitaka kiwanja ajenge. Mama akasema humo atatoka amebebwa. Kaka yangu, ndiye mkubwa wangu na tuko wawili tu, akaniita pembeni.

"Jamaa anataka kuona hati ya nyumba kwanza. Wewe itafute tu, niipige picha, uirudishe. Nani atajua?"

"Mama akinikuta?"

"Jumanne adhuhuri anakwenda darsa msikitini, harudi mpaka alasiri. Ufunguo wa tangu nilipokuwa naishi pale ninao."

Kaka aliniahidi chumba na sebule kwenye ghorofa hilo likisimama, choo ndani. Msinicheke. Nilikuwa nimepanga Magomeni, foleni ya choo kila asubuhi na ndoo mkononi, na mimi si mtoto. Nikachukua ufunguo.

Jumanne ya kwanza niliingia nikafungua sanduku. Nikatoa kanga zote, nikatazama katikati ya kila doti, nikapekua chini ya godoro, nyuma ya kabati, ndani ya mto. Hati sikuiona. Kulikuwa na furushi moja jeupe chini kabisa ya sanduku sikuligusa. Ilikuwa sanda yake, na pamba na udi na marashi, wanawake wa kwetu wakishafika umri fulani wanajiwekea. Mkono wangu ulikataa kabisa. Nikakunja kanga, nikazipanga, nikafunga mlango nikarudi dukani.

Ijumaa, kama kawaida, nikaenda kula naye chakula cha mchana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akanipakulia wali, akakaa, akasema taratibu, "Kuna mtu anaingia chumbani kwangu."

Nikachota tonge jingine. "Nani, mama?"

"Simjui. Anakunja kanga jina nje."

Kanga ina maneno yake yaliyochapwa, ndiyo tunayaita jina. Mama katika maisha yake yote alikunja kanga jina likae ndani. Alikuwa akisema kanga ikiwekwa jina nje inamsemesha kila anayeingia, na yeye hana ugomvi na wageni. Sasa dukani sisi tunakunja jina nje, mteja apite asome, ajue anamnunulia nani na anataka kumwambia nini. Nimekunja hivyo miaka na miaka, mikono inafanya yenyewe huku mdomo unapiga soga. Mama hakuhitaji kamera wala mlinzi, aliangalia sanduku lake mara moja akajua.

Nikasema, "Labda ulikunja mwenyewe ukasahau."

Lilitoka jepesi, jamani! Nilidhani nitatetemeka, sikutetemeka. Nilijiona mjanja.

Jumanne iliyofuata niliingia nimejiapiza kwamba leo nakunja jina ndani. Nikapekua, sikupata kitu. Mara nikasikia kama mtu anaburuta kandambili ukumbini, polepole, anasimama, anaburuta tena. Nikajibanza nyuma ya mlango mpaka miguu ikafa ganzi. Hakutokea mtu. Nikarudisha kanga mbio mbio na nikakimbia, na nilipofika dukani nikakumbuka. Nilizikunja jina nje. Zote.

"Amekuja tena," Mama akasema Ijumaa.

"Mama, umepima sukari wiki hii?"

Hivyo ndivyo nilivyomjibu mama yangu. Halafu nikatoka barazani nikamwambia jirani, kwa sauti ya chini lakini si ya chini sana, kwamba bibi ameanza kusahau sahau. Nilijua dirisha liko wazi. Kaka naye akampigia simu akamwambia apumzike, uzee una mambo yake.

Mama akabadilika. Akaanza kuhesabu kanga zake kwa sauti. Akamwaga unga mwembamba kizingitini ili aone nyayo. Jumanne iliyofuata nikauruka unga ule, nikaingia. Alikuwa akinikunjia kanga mbele yangu akiuliza, "Mimi nakunja hivi, sivyo?" nami natikisa kichwa polepole kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa. Siku moja nilimkuta amekaa kitandani, mchana kweupe, ameinyanyua mikono usawa wa macho, anaigeuza, anaitazama kiganja na mgongo, kiganja na mgongo. Picha hiyo ndiyo ukurasa wa kwanza wa riwaya yangu. Wasomaji wananiambia imewatisha. Na mimi ilinitisha, na Jumanne nikarudi tena.

Jumanne hiyo ndiyo ya mwisho. Nilifungua mlango nikakuta kigoda kando ya sanduku, juu yake sahani iliyofunikwa kwa kawa. Pembeni glasi ya maji imefunikwa kisahani. Nikafunua kawa. Visheti, vimepangwa mduara, sukari imevikaukia vizuri. Nikajisemea, loh, nimemharibu mama, sasa anayawekea majini chakula! Nikaita, "Mama?" Mabelo yalikuwa yamemeza hata sauti yangu.

Nikavishika. Vilikuwa vya moto. Mtu aliyekwenda darsa tangu adhuhuri ameacha vipi visheti vya moto saa nane? Nikiwa bado nawaza hilo nikajikuta natafuna. Wallahi sikuamua. Tangu utoto hiyo ndiyo tamu yangu, Mama akikaanga ilibidi anifiche. Nikameza, nikavisogeza vilivyobaki kuziba pengo, nikafunika. Sanduku sikulifungua. Nilitoka nikamtupia kaka ufunguo wake nikamwambia atafute mtu mwingine. Hakupata.

Ijumaa Mama alikuwa mchangamfu kuliko miezi yote ile.

"Mgeni wangu anapenda visheti. Amekula kimoja."

"Panya hao, mama."

"Panya hapangi sahani upya," akasema, akaniongeza mchuzi.

Hapo ndipo pa kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikaomba chumvi.

Sikuingia tena humo kwa siri, lakini yeye hakuacha kuuliza. Kila Ijumaa, tukishanawa, ananitazama usoni na kuuliza, "Eti mwanangu, kuna mtu anaingia humu?" Nami, "Hakuna, mama." Nikawa najifariji kwamba siku hizi si uongo, kweli haingii mtu. Usiku naandika riwaya yangu. Mhamishaji nilimfanya mume, mwenye ndevu za kuchongwa na sauti nzuri, kwa sababu kumwandika binti nilishindwa.

Mwaka uliofuata miguu ya Mama ikavimba, akalala. Nikahamia kwake kumuuguza. Alasiri moja nilianua kanga uani, nikaja nazo kifuani, akasema, "Nikunjie hapa nikuone." Nikakaa chini pembeni ya kitanda. Nikashika ya kwanza. Nilikunja pole pole, ncha kwa ncha, jina likaingia ndani. Ya pili vile vile. Ya tatu. Nilikuwa nauangalia mkono wangu usinisaliti. Nilipoinua kichwa alikuwa ananitazama, si kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira.

"Leo umekumbuka," akasema.

"Nimekumbuka nini, mama?"

Akanisubiri. Nasema alinisubiri kwa sababu niliona, hata macho hakupepesa. Nilikuwa na maneno yote tayari, nimeshayaandika kwa kurasa mia na zaidi nikimpa mtu mwingine ayaseme. Sikuyasema. Akageukia ukutani, akasema, "Nipe maji."

Nikampa maji. Tangu siku ile hakuuliza tena kama kuna mtu anaingia. Ijumaa mbili zikapita nami nikizisubiri, hakuuliza. Ya tatu hatukufika naye.

Wanawake waliokuja kumwosha ndio waliofungua furushi la sanda. Mmoja akatoka ukumbini na bahasha ya kaki, akanipa mbele ya kaka, akasema hii ilikuwa katikati ya pamba. Hati. Ilikuwa pahali pekee ambapo binti wa mama yule asingethubutu kupeleka mkono, naye alimjua bintiye. Kaka aliitazama bahasha, nikaitia kifuani chini ya kanga, na mpaka leo sijaweka sahihi karatasi yoyote. Hatusemezani. Choo bado kiko uani.

Nilikaa muda mrefu nikidhani nililomfanyia mama yangu ni kumtia wazimu, na nikaandika kitabu kizima cha mwanamke anayetiwa wazimu. Kitabu kizuri, mkinunue, lakini nilikosea kuielewa hadithi. Mama hakuwa mwenda wazimu hata wiki moja. Zile Ijumaa zote alikuwa anajua. Alikuwa ananiuliza ili niseme. Alihesabu kanga niseme, akamwaga unga niseme, akajificha mahali ndani ya nyumba yake mwenyewe visheti vikiwa vya moto ili akinisikia nikitafuna labda nitatoka niseme. Nilipewa nafasi kila wiki, na kila wiki nikamjibu hakuna mtu.

Kwa hiyo sababu ya tano ni hii: kisome, halafu mfikirie mtu wako anayekuuliza swali lile lile kila mkionana. Binti wa mtandao amenijibu kwamba haiwezi kuenea kwenye picha ya tangazo, nipunguze.

Siku hizi naishi chumba kile. Kila Jumanne nakaanga visheti, navifunika kwa kawa juu ya kigoda kando ya sanduku, naweka na glasi ya maji, nafunga mlango naenda dukani. Alasiri nikirudi napiga hodi kwanza, mara tatu, ndipo natia ufunguo. Sahani iko vile vile nilivyoiacha. Nafungua sanduku natazama, na kanga zote zimekunjwa jina ndani.