Mjomba wa Yusufu Alikuwa Wapi?

Jumapili nilipanda misheni kuangalia mchezo wa kuigiza wa watoto. Padre, Mdachi mgeni, aliwakusanya tangu Jumamosi wajifunze kisa cha Yusufu aliyeuzwa na ndugu zake, na baada ya misa wakatuigizia. Yusufu, kijana mwembamba aliyevishwa vipande vya kanga, alifungwa kamba kiunoni akavutwa kwa wanunuzi. Tulicheka.

Mwanamume mmoja akainuka akijipiga paja. Alikuwa mjomba wa mtoto aliyeigiza Yusufu, aliyekuja kumchukua arudi naye nyumbani.

"Padre, hapo umekosea! Kwetu Uluguru ndugu hana ruhusa ya kuuza mtu. Mtoto ni wa mjomba. Mjomba wa Yusufu alikuwa wapi?"

Watu wakashangilia, isipokuwa dada yake, mama wa mtoto. Yeye alisema kwa Kiluguru, taratibu kama anayechambua mboga: "Kweli, kaka, ndugu hauzi. Mwaka wa njaa ulipompeleka binti yangu kule kijiji cha Mlali ukarudi na mtama, uliuza ukiwa mjomba."

Mjomba alimwita mtoto waondoke, lakini mtoto akakimbia, kamba ikiburuta nyuma, akaikumbatia kanzu ya padre.

Padre, ambaye Kiluguru hakijui, akapiga makofi. Alidhani mchezo umekwisha vizuri.

Wanaume wameniuliza mimi, mzee wao, kama ni halali mtoto kumkataa mjomba. Mimi nasema abaki hukohuko misheni. Hata Yusufu wa kwanza alishiba ugenini.