Tulivyowaita Wakaidi Wagonjwa wa Aspirini

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati ya Nyangezi, muuguzi mkuu alinipa sindano za vioo nizichemshe. Nilivunja mbili. Hakunigombeza. Alisema tu, "Petit, mdogo wangu, sindano ikivunjika tutaomba ingine. Mugonjwa, hapana."

Baadaye nilihamishiwa Mudaka, kisha, vita vikiwa vimeushika mji, hospitali moja ya Bukavu. Huko, nikiwa muuguzi, nilikabidhiwa wagonjwa wa presha na wa mishipa midogo ya ubongo. Mashine ya kuona ndani ya kichwa hatukuwa nayo; tuliutambua ugonjwa kwa kumwangalia mtu akitembea. Mishipa hiyo, myembamba kama uzi, huziba mmoja mmoja. Leo mguu unaburuta, baada ya miezi ulimi unakuwa mzito, kisha jina la mjukuu linapotea. Tuliwapa vidonge vya presha, na aspirini ndogo kila siku ili damu isigande.

Barabara zilifungwa, dawa zikawa chache. Ndipo daktari mkuu alipotoa amri: mgonjwa wa aspirini akipigwa tena na kiharusi, maana yake hakunywa dawa. Aandikwe "mkaidi" kwenye kadi na aondolewe kwenye orodha ya dawa za bure, zile za presha pia. Niliandika. Naungama mbele ya Mungu kwamba niliandika neno hilo kwenye kadi nyingi bila hata kuuliza.

Ikafika zamu ya Maman Nsimire, muuza unga wa mihogo katika soko la Kadutu. Mkono wake wa kuume ulikuwa umelegea kwa mara ya pili.

"Maman, ulikuwa unatupa dawa?"

"Natupa? Dawa yenye napandia hii mulima yote? Papa infirmier, mi situpake hata maganda ya muhogo."

Kalamu ilisita. Nikamwambia aje kila asubuhi baada ya misa, ameze mbele yangu, kama tulivyofanya na wagonjwa wa kifua kikuu.

"Na ulimi niinue?"

"Na ulimi, maman."

"Hata bwana yangu hakuniangaliaka mu kinywa hivi."

Alikuja masika yote, hata siku ambazo risasi zilisikika mlimani. Kila siku nilitia sahihi daftarini. Asubuhi moja alikuja mdomo umevutwa upande mmoja.

Nilipeleka daftari kwa daktari mkuu.

"Ule mama iko nakudanganya," alisema. "Anatema inje."

"Docteur, niliangalia chini ya ulimi. Kila siku."

Alifunua kurasa taratibu. "Basi damu yake njo haisikie aspirine. Inaitwaka résistance. Tuliisomaka."

"Ulijua? Na tuliandika watu bakaidi?"

"Tungepima na nini? Na dawa haienei watu bote. Ulitaka niandike nini?"

Wanajeshi waliwahi kuchukua baiskeli yangu, nikawasamehe wiki ile ile. Jibu hilo la daktari lilinichukua miaka kulisamehe. Mtu amemeza kwa uaminifu, mwili wake umekataa, nasi tunamnyang'anya hata vidonge vya presha, vilivyokuwa kinga yake kubwa, kisha juu ya hayo tunamtia hatia! Nilimwambia sitaandika tena neno lile; akitaka, aandike mwenyewe. Alimwacha Maman Nsimire abaki kwenye orodha. "Huyu peke yake," alisema. Mwezi uliofuata nilihamishwa.

Namshukuru Mungu kwa miaka yote ya kazi. Lakini ninyi wauguzi vijana, msimwandike mtu kosa ambalo hamkuliona. Kadi inafika nyumbani kwake, na watu wa nyumbani wanaiamini.

Nilipostaafu nilikwenda Mudaka kwa mjane wa mzee mmoja niliyemwandika mkaidi kule Bukavu. Nilimweleza yote.

"Njo kusema alikuwa anakunywa dawa?" akauliza.

"Sijui, maman. Sikumuuliza. Labda alikunywa, na dawa ikashindwa."

"Baliniambia alijiua na kichwa ngumu. Nilimuzika na hasira, papa. Sikulie."

Nilimwomba msamaha. Aliinuka, akachukua jembe lililoegemea ukuta, akaenda nyuma ya nyumba kwenye kaburi lililomezwa na majani, akaanza kupalilia.